Nati za Nyuma ya Kabati

Kule Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, mahali nyumba zinapoachiana nafasi na mashamba ya mahindi yakaingia katikati yake, watu walizoea kuiona miguu ya mzee Zenon ikichungulia chini ya gari. Juma lile haikuwa chini ya gari. Ilikuwa mlangoni, magoti sakafuni, na mwenye miguu amejiingiza kabatini hadi mabegani.

Gari lenyewe lilikuwa la mradi wa kupima macho uliokwisha muda wake. Lilipopigwa mnada, Zenon alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Lilikuwa na jiko, sinki na makabati, na ubavuni lilikuwa na chumba kidogo kinachovutwa nje gari likisimama na kusukumwa ndani likitaka kuondoka, kama mtoto wa meza. Humo Zenon alitandika godoro. Majirani walicheka. Mtu ana nyumba ya matofali, nyumba ya magurudumu ya nini?

Hawakujua habari ya ahadi. Zenon alikuwa dereva wa lori maisha yake yote ya kazi, na tajiri wake alikuwa amekataza abiria. Madereva wenzake waliwapakia hivyo hivyo njiani na nauli wakatia mfukoni. Zenon hakumpakia mtu, hata mkewe Bertilla. Amri ni amri, na anayeivunja kwa mkewe leo ataivunja kwa kila mtu kesho. Lakini kila aliporudi na kusimulia milima na miji, aliona namna mkewe anavyosikiliza, akaona haya. Akamwahidi: siku nitakayorudisha ufunguo wa tajiri, nitakupeleka Kirando kwa dada yako Winifrida, na njiani utalala kitanda chako mwenyewe. Winifrida aliolewa kule ziwani, na sasa magoti yake hayakumruhusu tena kupanda huku juu. Mgongo wa Bertilla nao haukuweza basi.

Safari ya kwanza waliianza kwa furaha. Bertilla aliuliza, "Baba Salome, chumba umekikaza?"

"Nati nimekaza zote," alijibu Zenon.

Hakuwa amekaza zote. Alikaza zile alizoziona. Nyuma ya kabati mkono ulikuwa haupiti vizuri, naye akajiambia kwamba kilichofichika huko hakina sababu ya kulegea. Basi, walipoipita Namanyere na lami ikawaacha, gari likatikiswa na mawe, na kwenye kona moja chumba kikachomoka chote, kikanyooka mbele ya pikapu iliyokuwa ikija na shehena ya dagaa. Dereva wa pikapu akakwepa, akaingia majanini. Hakuna aliyeumia. Unga wa ulezi aliouandaa Bertilla kwa ajili ya dada yake ulimwagika barabarani, na upepo ukaumaliza.

Bertilla hakupiga kelele. Alikung'uta gauni lake, akasema, "Chumba sikikasirikii. Chumba hakina mdomo. Wewe ndiye uliyeniambia zote." Akaomba lifti kwa walimu waliokuwa wakienda Sumbawanga, akarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo alipika, alicheka na majirani, alimwitikia mumewe vizuri. Ila Kirando ikitajwa alisema, "Mimi na gari lile, basi." Ndipo Zenon alipojua kwamba kilicholegea si bolti peke yake. Neno la mtu likilegea hakuna spana ya kulikaza. Hulikaza mwenyewe, kwa kazi.

"Shikamoo mzee," sauti iliita kutoka nje.

"Marahaba. Nani?"

"Mimi Adolfu. Nimeona nusu ya mtu, nikaja kuuliza kama nusu nyingine ipo hai."

Adolfu alikuwa fundi wa kuchomelea, jirani yao, mtu mwema mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Zenon akajitoa kabatini, vumbi limemjaa nyusi.

"Mzee, unajitesa bure. Nilete mashine, nikichomelee pande zote. Hakitoki tena mpaka parapanda."

"Na godoro je? Chumba kikiwa ndani halikunjuki. Mama yako alale amesimama, kama ng'ombe wa mnadani?"

"Apande akae mbele, alale atakapofika."

"Nilimwahidi kitanda, sikumwahidi kiti."

Adolfu akacheka, lakini hakuondoka. Walisaidiana kulitoa kabati lote, na aibu ikaonekana. Fundi fulani wa zamani alikuwa amepigilia skrubu za mbao kwenye plaiwudi iliyolowa maji, mahali palipotaka bolti ya kushika reli na komeo la chumba ipite hadi kwenye chuma. Matundu mengine yalikuwa matupu. Nati nyingine zilizunguka kwa ncha ya kidole.

"Huyu alikula hela ya watu," alisema Adolfu.

"Alikula, na mimi nikanawa mikono bila kutazama sahani," Zenon alijibu.

Waliitupa plaiwudi, wakaweka ubao wa mninga. Adolfu alikata vipande vya bati nene vya kukaa nyuma ya kila bolti ili isizame kwenye mbao. Zenon alinunua bolti ndefu, washa pana za kukaa chini ya nati, na zile nati zenye plastiki ndani ambazo hazirudi nyuma kwa mtikisiko. Akakaza kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshikilia upande wa pili, huku mgongo ukilalamika.

Jioni moja Bertilla alileta chai. Kwa kawaida aliiweka ngazini akaenda zake. Mara hii alisimama.

"Unakikaza kikiwa kitupu?"

"Sasa nikikaze kikiwa na nini?"

"Baba alikuwa akisuka vitanda vya kamba," alisema Bertilla. "Hakumkabidhi mtu kitanda siku ya kusuka. Tulikilalia kwanza sisi watoto, tukaruka juu yake, kamba ikatulia, akakaza tena. Ndipo mwenyewe anaitwa." Akachukua kikombe cha jana, akaingia ndani.

Kesho yake Zenon alipanga magunia ya mahindi juu ya godoro lililokunjwa, akaendesha peke yake barabara ya vumbi ya mashambani, kwenye matuta yote ambayo dereva mwenye akili huyakwepa. Aliporudi akapima. Nati alizokuwa tayari kuziapia zilizunguka. Akakaza, akaenda tena, akarudi, akakaza. Ziligoma moja baada ya nyingine kulegea, isipokuwa moja ya pembeni chini, penye reli. Tundu lake lilikuwa limekwisha kulika, na bolti nene ya kulifaa haikupatikana mjini. Iliagizwa Mbeya.

Wakati huohuo Winifrida alipiga simu. Mjukuu wake angepokea komunio ya kwanza Jumapili, na alitaka mdogo wake awepo. Bertilla alikuwa ameona magunia yakienda na kurudi. Asubuhi alionekana anakunja vitenge na kuvitia kwenye begi.

Adolfu akamvuta Zenon pembeni. "Mzee, hiyo ndiyo bahati yako. Mwambie tayari. Moja kati ya zote hizo, nani atamwambia?"

Bolti iliyobaki huenda isingeleta madhara yoyote. Zenon alilijua hilo vizuri kuliko Adolfu, na hapo ndipo ulipokuwa utamu wa mtego. Uongo haujawahi kumnasa mtu kwa jambo kubwa. Humnasa kwa jambo dogo linaloonekana halina hasara.

Bertilla akaja na begi lake mkononi. "Baba Salome, umemaliza?"

"Bado moja."

"Ipi?"

Alimwonyesha. Bertilla akainama, akaingiza kidole kwenye tundu lililolika, akakizungusha.

"Kifaa chake kinafika lini?"

"Jumatatu, kwa basi la Mbeya."

"Basi komunio imetupita."

"Imetupita, mama Salome."

Adolfu alitazama juu kama mtu anayetafuta mvua. Bertilla alikaa ngazini kidogo, akafikiri. Kisha akanyanyuka, akalisukuma begi lake ndani ya gari, chini ya godoro, akaliacha humo. Akatoa simu.

"Dada, hatuwahi. Kuna nati moja bado."

Sauti ya Winifrida ilisikika hadi barabarani. "Nati? Kwani mnakuja kwa gari au kwa nati?"

"Tunakuja kwa vyote viwili," alisema Bertilla, akacheka kwa mara ya kwanza penye gari lile tangu siku ya unga.

Bolti ilifika, ikaingia kama iliyozaliwa humo. Wakaondoka asubuhi, polepole, Bertilla amekaa mbele, anauliza jina la kila kijiji. Lami ilipokwisha, Zenon alisimamisha gari bila kuambiwa, akachukua spana. Bertilla naye akashuka. Yeye alianza upande huu, mumewe upande ule, kila mmoja akigusa nati kwa vidole.

"Hii inacheza," alisema Bertilla.

Zenon akaja, akaikaza. Hakuomba radhi wala hakulaumiwa. Nati kucheza si dhambi.

Mchana walifika mahali mteremko unapoanza na ziwa linaonekana chini, jeupe kwa jua. Bertilla alisema mgongo unataka kunyooshwa. Zenon akakivuta chumba nje, kikatoka taratibu bila kukwaruza. Mkewe akapanda kitandani, akafunga macho kwa muda mfupi tu, kama alivyosema mwenyewe.

Zenon akakaa ngazini. Kwa miaka mingi alikuwa amelala peke yake kandokando ya barabara za nchi hii, akisikia injini za wengine zikipita. Sasa alisikia mkewe akikoroma nyuma yake. Akaweka spana chini kwa uangalifu ili isilie, akamngoja.