Kukimbia na Mbwa

"Mbwa wakimtimua sungura, unakimbia au unasimama?" Baba aliniuliza shambani, nje kidogo ya Louisville. Sikujua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwinda.

Mwenye mbwa, mzee wa Kimarekani aliyefanya kazi na Baba ghalani, alituambia tusimame, kwani sungura huzunguka akarudi alipoanzia. Baba akacheka. "Kwetu Burundi tunakimbia na mbwa, mwanangu!" Akamvalisha mbwa mmoja kengele ya mbao aliyoichonga mwenyewe, ili tumsikie alipo.

Mbwa walipobweka, Baba alichomoka akipiga miluzi. Nilimfuata huku nikibisha, kama kawaida yangu.

"Baba, sungura kapita nyuma yetu!"

"Acha ubishi, kimbia!"

Tulirudi mikono mitupu, tumejaa matope. Mzee alimuuliza Baba nani alimfundisha kuwinda hivyo. "Baba yangu," akajibu kwa fahari.

Sasa naishi Columbus, na Baba hayupo. Majani yakianza kupukutika, natamani kuisikia tena miluzi ile mbele yangu.

Baada ya mazishi, shangazi yangu wa Buffalo alishangaa nilipomsimulia siku ile. Akaniambia Baba alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, walikokatazwa kuwinda. Babu alimsimulia tu jinsi walivyowinda Burundi. Siku ile shambani, naye alikuwa anawinda kwa mara ya kwanza.