Omena Chini ya Kiti

Harufu ya omena sokoni imenirudisha kwenye ploti tuliyopanga Nakuru, siku mwenye ploti alipomtia paka kwenye gunia akampa dereva wa lori aende kumtupa Salgaa. Paka hakuwa wa mtu, ila kila mlango ulimlisha. Wapangaji ambao hata salamu hawakupeana walijaa kwetu jikoni.

"Leta ile omena imeoza," mama akamwambia jirani muuza samaki.

Mama wa Kihindi aliyezoea kumpa paka maziwa akanishika kiganja. "Huyu mkono wake mdogo utaingia chini ya kiti."

Nikaisukuma chini ya kiti cha gari la mwenye ploti, vidole vikinata. Wiki nzima alilipeleka kuoshwa, nasi tukimwambia, "Pole, boss."

Juzi nimemwona mjini, amezeeka, ana gari jipya. Omena niliyonunua leo si ya kupika.