Supachaja ya Gari la Baba

Baba alipofariki aliniachia gari dogo la milango mitatu lenye injini iliyokufa. Aliniachia mimi, si kaka zangu, kwa sababu nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo na aliamini nitalifufua. Nilimaliza chuo, nikarudi Tabora, nikakaa miaka miwili nikiandika barua za kuomba kazi huku gari limekaa uani kwetu Mtendeni, kuku wakitagia chini yake. Mama hakunigombeza hata siku moja. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, "Gari la baba yako limefika wapi?"

Injini aliipata baba mkubwa, kaka yake baba, mwenye gereji mitaa miwili kutoka kwetu. Ilikuja kwa treni kutoka Dar, kubwa kuliko ile ya zamani, na ubavuni ina supachaja, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu kikizungushwa na mkanda. Kwa kigari kama kile ilikuwa kama kumvalisha mtoto viatu vya askari. Nilichora michoro ya kuipachika, kurasa kumi na nne. Nikaikosoa, nikaichora upya.

"Injinia," baba mkubwa aliniambia mbele ya mafundi wake wawili, "gari linapakwa grisi, halipakwi wino."

"Mwache, mzee," mmoja akadakia. "Huyu ni injinia wa makaratasi. Likigoma atalitungia mtihani."

Walicheka. Nami nilicheka, na nikirudi nyumbani niliyarudia maneno yale kichwani mpaka yakawa machungu.

Kazi ilichukua miezi mitano, na tatizo lilikuwa nafasi. Upande wa mikanda, injini ile iligusa chesisi. Baba mkubwa akafanya mambo mawili. Alikata kikono cha chuma kinachoshika supachaja, akakichomelea upya kikiwa kifupi. Kisha akaling'oa kava la plastiki linalofunika mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni zisije zikagongana.

"Hili ni la kuzuia vumbi tu," alisema akilitupa pembeni. "Na sisi vumbi tumezaliwa nalo."

Pale gereji kuna desturi. Kazi kubwa ikiisha, kabla injini haijawashwa, boneti huachwa wazi, mafundi huinua mikono na baba mkubwa husoma Fatiha. Kazi ikishasomewa haifunguliwi tena. Haiguswi nati yoyote mpaka gari litembee. Nilipokuwa mdogo nilimwona mteja akiomba terminali ya betri ikazwe baada ya dua. Aliambiwa achukue gari lake aende nalo.

Ijumaa kazi ilipoisha, baba mkubwa na mafundi wakiwa msikitini, mimi nilibaki nyuma nikijidanganya kwamba nitawahi. Nilinyoosha uzi kutoka puli ya injini, gurudumu linalozungusha mkanda, hadi puli ya supachaja. Haukulala sawa. Ya supachaja ilikuwa imeingia ndani kwa unene wa sarafu mbili zilizopandana. Mkanda ungekimbia upande, ungekatika, na pembeni yake mkanda wa taimingi ulikuwa wazi, hauna kava.

Wakarudi. Mama alikuwa nao, amebeba sahani ya vitumbua. Nilikuwa nimeshika uzi mkononi na nilianza kupanga sentensi. Baba mkubwa, samahani. Hapana, mbele ya mama atadhani namuumbua. Baba, hivi puli hii. Labda uzi ulilegea. Labda macho yangu. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia mikono ilipoinuliwa. Nikainua na yangu. Nikaitikia amina pamoja nao.

Tulichukua barabara ya Kigwa, baba mkubwa kwenye usukani, mama kiti cha mbele, mimi nyuma. Gari lilivuta kwa namna ambayo sikuitarajia. Supachaja ilipiga mluzi mwembamba, miti ikarudi nyuma, na mama akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Baba yako angekuwepo," alisema, "angetaka tupitie kwa kila ndugu."

Mimi nilikuwa nanusa. Karibu na Kigwa harufu ya mpira ikaja, kisha mchapo kama wa kiboko chini ya boneti, kisha mgongano wa chuma kwa chuma, kisha kimya. Gari likateleza lenyewe mpaka pembeni.

Mkanda wa supachaja ulikuwa umechanika nyuzi nyuzi, na nyuzi zimejisokota kwenye mkanda wa taimingi. Sikuhitaji kufungua injini kujua valvu zimekunjwa.

Baba mkubwa alitazama, akashusha pumzi. "Kadari ya Mungu."

Hapo ndipo nilipochemka. "Si kadari. Ni puli. Imeingia ndani. Na kava ulilitupa wewe."

"Umeona saa hizi?"

"Niliona kabla ya dua."

Alinigeukia taratibu. "Ukanyamaza."

"Mliinua mikono kabla sijasema. Na kazi ikishasomewa haifunguliwi. Ni sheria yako."

"Ile niliiweka kwa wateja wasumbufu, wanaotaka nati zifunguliwe kila wakikohoa. Fundi anafungua hata mara saba. Wewe ni mteja?"

"Miezi mitano hukuniita fundi, baba. Umenivisha ufundi leo ili nibebe lawama?"

Aliinamia injini, akaanza kuchomoa nyuzi za mkanda. Nilifurahi kumwona ameinama. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na mengine tayari, nimeyahifadhi tangu siku ya makaratasi. Lakini mama alikuwa ameshashuka, akasimama kati yetu. Hakumtazama shemeji yake.

"Kwa hiyo niliponyanyua mguu kupanda," alisema, "ulikuwa unajua."

"Mama, nilikuwa nafikiria namna ya—"

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Nilikuwa najua."

Alijifunga kanga vizuri, akaelekea stesheni ya Kigwa kutafuta usafiri wa kurudi mjini. Sisi tulivutwa na trekta la tumbaku hadi Tabora.

Jumatatu nilifungua injini kabla gereji haijajaa. Valvu sita zimekunjwa, pistoni mbili zina alama. Baba mkubwa alikuja, akatazama, akachukua msumeno na kuanza kukata kikono alichochomelea mwenyewe. Hakuomba radhi, nami sikuomba. Nina hasira naye bado, hasa anaponiita fundi kwa upole. Mama namwamkia kila asubuhi. Ananiitikia marahaba, ananipa chai, ananiuliza kama nimelala vizuri. Habari za gari haulizi tena.