Ng'ombe wa Sisimizi kwenye Okidi ya Mama

Magoti ya mama yalipokataa baridi ya milimani, nilimteremsha Voi tukae pamoja. Alikuja na begi moja na okidi yake ya maua meupe, akaiweka mwenyewe juu ya stuli barazani. Kisha akanipa sharti: "Hii ikishindwa na joto la kwenu, mimi pia nimeshindwa. Utanirudisha nyumbani." Nilicheka, lakini sharti hilo lilinitia hofu. Nilitaka abaki, tena sana.

Haukupita muda mrefu, majani yakaanza kuwa manjano. Upande wa chini yalikuwa na vidoa vya kahawia, nami nikaamua kwamba ni udongo. Ukiishi Voi unazoea: udongo mwekundu uko kwenye mapazia, kwenye soksi, hata kwenye chai usipofunika kikombe. Basi kila asubuhi nikawa naimwagia okidi maji kama ninayeosha pikipiki. Vidoa vikakaa pale pale. Mama akaenda kuomba jivu kwa jirani anayepikia kuni, akainyunyizia kama anavyoyafanyia maharagwe yake ya akiba. Sasa tulikuwa na mgonjwa yule yule, ila wa kijivu.

"Na hawa sisimizi wanaopanda?" nikamuuliza.

"Waache, wanasafisha."

Siku moja nikapandwa na hasira, nikakwangua kidoa kimoja kwa ukucha. Udongo ungevunjika. Hiki kilibanduka kizima kama kifuniko, kikaniachia kitu cha kunata kidoleni. Nilipiga ukelele. Mama akaja akichechemea, akakwangua cha kwake, akapiga ukelele kunishinda. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nililipeleka jani moja agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo, nimelifungia ndani ya chupa.

"Hawa ni wadudu gamba, madam," muuzaji akaniambia. "Wanafyonza jani, wanatoa maji matamu, sisimizi wanakunywa. Ndiyo maana wanawalinda. Hao ni ng'ombe wao."

Kumbe nilikuwa na ranchi barazani, na kila asubuhi nikiinywesha!

Dawa kali hakuniuzia. Alisema tuanze kwa mikono. Tukaitenga okidi na mimea mingine. Mama alishika jani, mimi nikasugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni, juu, chini, na pale majani yanapokutana na shina, ambako wadudu wadogo hujificha. Kisha tukasuuza. Miguu ya stuli tukaisimamisha ndani ya makopo ya maji, kama lilivyokuwa kabati letu la chakula nilipokuwa mdogo. Sisimizi wakabaki wakizunguka makopo. Kila wiki tulirudia, kwa kuwa wengine walianguliwa baadaye, na kila wiki mama alinipa umbea wa kijiji kizima huku tukisugua. Nilizipenda saa hizo kupita kiasi.

Jani jipya likachipuka, safi kabisa. Ua, hakuna. Nilikuwa nikilichungulia kila asubuhi kwa hofu, ndipo nikamsikia mama kwenye simu, akimpigia kelele jirani yake wa milimani kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani:

"Ua? Halijatoka, na sina haraka nalo. Wewe nitumie kuku wangu. Wote! Na hilo shamba, lima tu."

Nilijificha jikoni nikalia kwa furaha. Halafu nikafuta uso, nikatoka kutafuta mbao za banda la kuku.