Gauni la Ndoa la Mama Mkwe Nimelishona Mimi

Jina langu lifichwe kabisa, mawifi zangu wamo humu na hawachelewi kunijua. Nina miaka 36, fundi cherehani hapa Dodoma mjini, nimeolewa, nina watoto wawili.

Mwaka jana maharusi walianza kutaka magauni ya zamani. Ya mtindo wa zamani nashona kila siku kwa kitambaa kipya, wao wakataka gauni lenyewe lililovaliwa enzi hizo, au basi lishonwe jipya kwa vipimo vyake vilevile. Nikakumbuka gauni la ndoa la mama mkwe, liko sandukuni kwake Gulwe. Nikamwomba. Akanipa, akasema, "Litazame tu mwanangu, usilifumue."

Nililifumua. Mafundi wenzangu mnajua, mkono wa gauni kama ule huwezi kuuchora kwenye karatasi bila kuuachanisha. Nikasema nitarudishia tu, mimi si fundi? Pasi ilipogusa kitambaa kikaachia, kila ninaposhika panachanika. Nikatumia karatasi niliyochorea vipande vyake kushona lingine, nikalichovya kwenye chai ya rangi lipate uzee, nikahamishia hata zipu ya chuma ya lile la kwanza. Mabaki nikampa mama mmoja anayejaza mito ya kulalia. Mama mkwe akalipokea, akalirudisha sandukuni bila kulikagua, akanishukuru. Nikajiona mjanja.

Sasa mama mkwe anaumwa, sukari imechukua macho yake, na hospitali wametuambia tukae naye nyumbani. Juzi alituita wote Gulwe, akasema azikwe na gauni lake la ndoa, na nimvishe mimi.

"Pindo la chini alishona marehemu baba yenu kwa mkono wake," akasema. "Gauni lilikuwa refu, fundi ameshaondoka. Pindo likaenda kombo, nikamcheka mpaka kanisani. Jumamosi mnitolee nilishike."

Ndugu zangu, lile pindo nililiona. Nilidhani ni uzembe wa fundi, langu nikalinyoosha kwa cherehani.

Nimemkimbilia yule mama wa mito, ananiambia yote aliiuza mnadani Kibaigwa. Nililia palepale mbele za watu. Sili, silali. Mume wangu anadhani namlilia mama yake, ananibembeleza, na hapo ndipo anapozidi kunimaliza.

Nikitangulia Gulwe Ijumaa, naweza kulifumua pindo na kulishona kwa mkono, niliendeshe kombo makusudi. Haoni. Atapapasa, atafurahi, atakwenda kaburini ameshika mshono wangu akidhani ni wa mume wake. Na nikimwambia ukweli, hizo siku chache alizobakiza nimemwua kabla hajafa.

Leo ni Alhamisi. Nishaurini ndugu zangu, nishone au niseme?