Naam ya Dirishani

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi nimefanya mbili. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Katika kichochoro chetu cha Mji Mkongwe, ambacho watu wawili wanene hawapishani bila kusalimiana, yalisimama magari mawili ya hamali, yametazamana kama majogoo. Kila gari lina kitanda, kila kitanda kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana hakika kwamba chumba cha juu ni chake. Chumba kilikuwa kimoja. Nilikihesabu mara mbili.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu ya ile simu uliyonionesha juzi. Umeweka picha ya chumba kile kile, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshakuja waombaji kumi na tisa, na wote umewajibu kwa dole gumba. Mimi nikaweka kikombe chini. Ukadhani nimeshangazwa na simu.

Wakati huo nyumba ilikuwa ya shangazi yangu, Bi. Rukia, Mungu amrehemu. Mimi nilikaa chumba cha chini, bure, kwa kuwa ni mtoto wa kaka yake, na mchana nikiuza bawaba na misumari Darajani. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona fundi wa kupatana. Shangazi akasafiri wiki moja kwenda Dar es Salaam kumtazama binti yake aliyejifungua. Chumba cha juu kimebaki kitupu, akaniachia ufunguo na maneno mawili.

La kwanza: "Kilemba usipokee. Kilemba huvaliwa kichwani, hakilipwi mlangoni." Kilemba, kama hukijui, ni ile pesa ya juu anayotoa mtu apewe yeye chumba, wasipewe wenziwe.

La pili: "Usimtazame mtu anavyoingia kwangu. Nenda ukamtazame anavyotoka kwa mwenzangu."

Nikasema naam, shangazi. Naam ya kwanza hiyo, ihesabu.

Waombaji walikuja watatu. Wa kwanza mwalimu wa chuo kule Tunguu. Alipanda, akashuka, akasema ngazi ishirini na tatu zinamzidi, akaenda zake. Nilizihesabu baadaye, ni ishirini na nne. Msomi yule, lakini Mungu alimwepusha na mimi.

Wa pili alikuwa Bi. Mize, mtu wa Makunduchi, mwanamke wa makamo aliyelima mwani mpaka chumvi ikamla vidole, na sasa anachemsha sabuni ya mwani na kuiuza mjini. Alikuwa amepanga Kikwajuni na binti yake, aliyekuwa darasa la mtihani. Mwenye nyumba wao alikitaka chumba chake Ijumaa ile ile, mwanawe anaoa.

"Nisipopata pa kukaa mjini, mtoto atarudi shamba na mtihani utampita," aliniambia. Hakulia wala hakunibembeleza. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Wa tatu alikuwa Ramesh, kijana wa Kihindi mwenye duka la viungo, ambaye mkewe mpya alikuwa anafika Jumapili. Nilimtajia kodi, akasema sawa. Sasa, mwanangu, mtu asiyepatana humtia mpatanaji homa, maana nilijua papo hapo kwamba nimetaja ndogo. Nikamwambia, "Lakini yuko mwengine anakitaka." Akafikiri, akaniongezea kilemba. Nilikipokea Jumatano, na kichwa changu kikawa kizito kana kwamba nimekivaa kweli.

Utauliza, na Bi. Mize je? Bi. Mize sikumwambia la. Nilimwambia, "Vuta subira, nnakufikiria." Nilimweka kama watu wanavyoweka taa ya chemni, si ya kuwashwa, ni ya siku umeme ukikatika. Ramesh akighairi, yuko Bi. Mize. Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana. Haikuwa na mtu ndani yake, basi.

Alhamisi nilikuwa juu napaka chokaa. Nikasikia sauti ya Bi. Mize kichochoroni, sauti ya mtu mwenye haraka:

"Bwana Haji we! Basi n'kafunge vyombo, Bwana Haji?"

Nikatoa kichwa dirishani, burashi mkononi.

"Naam!"

"Mungu akulipe kheri!" akasema, na akageuka anakwenda mbio mbio, buibui linapepea.

Kichochoro chetu ni kifupi. Ningemwita mara moja tu angesikia. Nikachovya burashi, nikaendelea na ukuta.

Basi ndiyo Ijumaa hiyo. Ramesh kaja na kitanda chake saa nne, kama tulivyoagana, nami nilitaka shangazi akishuka botini akute mpangaji ndani na kazi imekwisha. Gari lake halijasimama vizuri, upande wa pili likaingia la Bi. Mize, na binti yake nyuma kakumbatia mfuko wa vitabu. Mahamali wakaanza kutupiana maneno. Madirisha yakafunguka, moja, mbili, saba. Jirani yangu muuza kahawa akaweka chini deli yake apate kutazama vizuri.

"Yakhe Haji," akapaza sauti, "leo umeoa wake wawili kwa chumba kimoja!"

Watu wakacheka. Bi. Mize hakucheka.

"Bwana Haji, huyu nani?"

"Huyu ndiye mpangaji, Bi. Mize."

"Na mimi?"

"Wewe sikukupa chumba."

"Jana uliniitikia."

"Niliitikia jina langu. Mtu akiitwa husema naam."

"Na mtu akiuliza akajibiwa naam, afanye nini?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Ufunguo nsharudisha. Kule bibi harusi anatiwa ndani saa hizi. Na barua ya sheha wa mtaa hii hapa, imeandikwa nimehamia kwenu." Akanionesha. Jina la nyumba yetu limo, na mhuri umegongwa.

Ramesh akanitazama mimi, akamtazama yule binti, akafuta jasho. "Haji, mie sikuja kununua ugomvi. Nimekuja kukodi chumba. Kipo au hakipo?"

"Sisi tuna Ijumaa, jamani!" akalalama hamali mmoja. "Amueni tushushe tukakoge."

Ulimi wangu, uliozoea kupandisha bei ya bawaba mpaka mnunuzi akaomba maji, ulitafuta bei ya kati, haikuwapo. Nikimpandisha Ramesh, mama na mtoto wanabaki njiani na kitanda chao. Nikimpandisha Bi. Mize, mimi ni mwizi wa kilemba mbele ya mtaa mzima. Mshika mbili moja humponyoka, wamesema wazee. Mimi ziliniponyoka zote mbili, na wenyewe wamesimama wananiangalia.

Hapo ndipo shangazi alipotokea kwenye kona, anatoka bandarini na mkoba wake. Njia ikafunguka yenyewe.

Hakuniuliza mimi. Aliwasalimu wageni kwanza, akasikia kwa Bi. Mize, akasikia kwa Ramesh, na kilemba akakisikia hapo hapo. Mimi nikajitetea kwa ufasaha kwamba naam ni ya jina, si ya swali, na kwamba mwenye kosa ni aliyeita na kuuliza kwa pumzi moja. Nilijisikia najitetea vizuri. Mpaka na muuza kahawa alitikisa kichwa kukubali.

"Haji," shangazi akasema.

"Naam, shangazi."

"Hiyo ya sasa ya jina, au ya swali?"

Kichochoro kizima kikaangua kicheko. Akangoja kiishe.

"Alipokuuliza, ulisikia au hukusikia?"

Mwanangu, pale palikuwa na uwongo mmoja mdogo, mwepesi, ungenitosha kabisa. Hakuna aliyekuwapo juu isipokuwa mimi na ndoo ya chokaa. Lakini yule binti aliinua macho kutoka kwenye mfuko wake, na mimi nikashindwa.

"Nilisikia nusu," nikasema.

"Nusu ipi?"

"Vyombo."

"Basi ulisikia yote. Mtu hafungi vyombo nusu."

Akaninyoshea kiganja. Nikamkabidhi ufunguo, na kilemba, ambacho nilikuwa nacho mfukoni hakijaguswa. Kilemba akamrudishia Ramesh pale pale. "Bi. Mize, panda. Neno lilitoka kwenye dirisha langu, kwa hivyo ni langu. Na wewe, Ramesh mwanangu, hurudi na kitanda chako. Hapa chini pana chumba, na huyu anahama."

"Lini?" nikauliza mimi.

"Kabla ya adhana."

Ramesh akachungulia ndani. "Kodi ile ile?"

"Pungufu," shangazi akasema. "Kina unyevu. Huyu alikuwa analala bure hajanambia."

Kitanda cha Bi. Mize nilikipandisha mimi, ngazi ishirini na nne. Kisha nikatoa vyangu vikakaa barazani, na shangazi akanipa ufagio akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza pembe zote nne.

Nikawa mwombaji wa chumba, mwanangu. Wiki tatu nililala kwa rafiki, nikabisha milango minne. Wa kwanza akanambia inshallah. Wa pili akanambia tutaangalia. Wa tatu akanambia rudi Jumatatu, na Jumatatu nikakuta mtu ananing'iniza pazia. Hakuna hata mmoja aliyenambia la. Kila asubuhi nilikunja mkeka wa watu nikijiuliza nifunge vyombo au nisifunge, na nikimkumbuka mtu aliyekuwa anapita chini ya dirisha kwa haraka.

Mlango wa nne ulikuwa Kiembe Samaki, kwa mzee mmoja ambaye ndege zikipita juu ya paa lake hunyamaza, kisha huendelea na neno alipoliachia. Aliniuliza jambo moja tu, nimetoka nyumba gani. Baada ya siku mbili akaniita.

"Nimekwenda kutazama," akasema. "Chumba ulichotoka umekifagia." Ndege ikapita. "Na shangazi yako nimemuuliza habari zako."

"Kasema nini?"

"Kasema nikupe. Ila ukinambia naam, nikuulize naam ya nini."

Binti wa Bi. Mize alifanya mtihani wake. Mama yake alikaa pale juu miaka tisa, na alipohama, mimi nikiwa nimesharudi kwenye nyumba ile, alituachia ufagio mpya nyuma ya mlango. Ule ndio uliokuwa ukiuona ukiwa mdogo.

Basi nasaha yangu ni hii. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuwaona nyinyi, mnaojikwaa vyote viwili kwa pigo moja. Katika hao kumi na tisa, kumi na wanane hawatakipata chumba, na pengine mmoja wao hivi sasa anatafuta kamba ya kufungia godoro. Waandikie leo, kabla ya Alasiri, uwaambie la kwa maneno yanayosomeka. La ya mapema ni sadaka. Inshallah isiyo na nia ni mlango uliochorwa ukutani. Anayekuongezea pesa usimhesabu mara mbili, ni mtu mmoja tu kama wenziwe. Nenda kwa miguu yako ukatazame wanavyotoka walikotoka. Ukishampa mmoja neno, hata kama lilikuponyoka, hata akija mwengine na mfuko mzito, lipandishe ngazi mwenyewe begani.

Mungu akujaalie nyumba isiyokosa mtu, na watu wako wasikose nyumba. Akulinde na hesabu isiyo na mtu ndani yake. Na siku ukiitwa kwa jina lako, mwanangu, akuwezeshe kuitika naam moja, yenye maana moja. Amin.