Kadi za Wanaume Waliofumba Macho

Mwanamke ukimchorea kadi, mambo ni rahisi: weka waridi, weka kipepeo, umemaliza. Mwanaume je? Kwenye maduka ya mjini kadi za baba zina mzungu mwenye kofia anavua samaki, au mtu anacheza gofu. Nani hapa Kyebando anacheza gofu? Ndiyo maana nikaanza kuchora nyuso. Mzee mwenye ndevu, fundi mwenye kofia ya kazi, kijana mwenye tai. Rangi za maji, karatasi nzito niliyoikunja kwa rula, na ndani nafasi ya mtu kuandika lake. Zilipendwa, nisiseme uongo.

Mimi huchora asubuhi, mume wangu akiwa amelala. Yeye ni askari wa usiku, analinda jengo la maduka Kabalagala. Anarudi saa mbili asubuhi, anakunywa chai amesimama, anavua viatu, anaanguka kitandani. Chumba chetu ni kimoja. Kutoka kitandani mpaka mezani kwangu ni hatua mbili. Basi naosha brashi polepole isigonge kopo, na nikikohoa nakohoa ndani ya kanga. Saa tisa natoka kwenda kuuza kadi nje ya chuo, Kyambogo. Nikirudi, ameshakwenda. Siku yake ya kupumzika anapumzika kwelikweli: analala. Tumeishi hivyo miaka sita, tukitumiana maneno kwa watoto. Mwambie mama yako gesi imekwisha. Mwambie baba yako mkutano wa shule ni Jumatano.

Sikuona shida yoyote mpaka mteja mmoja aliponionyesha. Ni mama anayefanya kazi pale chuoni, aliyeagiza kadi kumi na mbili za kuwapa kina baba wa kanisa lake. Nilimpelekea, akazipanga juu ya meza yake, akaziangalia moja moja, kisha akavua miwani.

"Dada, kazi yako nzuri. Lakini mbona wanaume wako wote wamelala?"

"Hawajalala. Wanafikiri."

"Wote kumi na wawili?"

Banange! Nilizivuta zile kadi kwa jeuri, nikitafuta hata mmoja wa kumwonyesha. Hakuna. Mwenye ndevu amefumba macho. Fundi amefumba. Hata yule wa tai, na unadhifu wake wote, amefumba, shingo imelegea upande wa kulia jinsi mume wangu anavyolala. Wote walikuwa yeye. Sikukusudia, mkono ulichukua kilichokuwa mbele yake kila siku.

"Wafungue macho tu, tafadhali bambi," alisema yule mama, kwa upole ulionichoma zaidi. "Nitazihitaji Ijumaa."

Wafungue macho tu! Rangi ya maji haifutiki. Karatasi ikishainywa, imeinywa. Ilibidi nianze kadi zote upya, na mgongo wangu tayari ulikuwa haunyooki. Kesho yake asubuhi nikakata karatasi, nikaketi. Uso ukatoka vizuri, pua ikatoka, masikio yakatoka. Nilipofika machoni, mkono ukakwama.

Macho ya kwanza yalikuwa ya mbuzi. Ya pili yakawa yangu mwenyewe, haya ninayoyaona kwenye kioo. Nikageuka nikamtazama mume wangu pale kitandani, mdomo wazi, nikajiuliza: yake yakoje? Ni meusi kabisa, au ya hudhurungi? Miaka kumi na sita ya ndoa, watoto watatu, nami sijui. Watu husema macho hayana pazia. Ya mume wangu yalikuwa nalo, na mimi nilikuwa nimeacha kulifunua siku nyingi. Nililia, tena si kidogo. Kadi za kanisa zilinitoka kabisa kichwani. Niliogopa kwamba nimempoteza mtu huku namsikia akikoroma.

Kumwamsha sikuweza. Askari wa usiku haamshwi. Akisinzia lindoni anafukuzwa kazi. Kwa hiyo siku ile sikwenda Kyambogo, nikangoja aamke mwenyewe. Aliamka saa kumi.

"Uko?" akasema.

"Niko."

Akaanza kutafuta soksi. Alitafuta soksi, akatafuta mkanda, akaoga mbiombio, akafunga viatu ameinama. Nilimzunguka kila upande kama kuku anayetafuta pa kutagia, sikupata hata dakika moja ya uso wake. Akaenda zake.

Hasira zikanipanda. Nikatia kadi moja ya zile zilizorudishwa kwenye mfuko, pamoja na penseli, nikapanda boda kumfuata mpaka Kabalagala. Njia nzima nilimgombeza yule kijana wa boda kwa sababu ya mashimo ambayo si yeye aliyeyachimba.

Nilifika jua bado lipo. Mlangoni pa lile jengo palikuwa na foleni ya watu wa kukaguliwa. Nikapanga foleni kama wenzangu, nikasogea, zamu yangu ikafika.

"Mfuko, mama," mume wangu alisema bila kuinua kichwa.

Nikaufungua. Akaingiza mkono, akapekua jinsi anavyopekua mifuko ya watu wote, akatoa ile kadi. Akamwangalia mtu wangu wa rangi za maji.

"Huyu naye amechoka," akasema.

"Ni wewe huyo."

Hapo ndipo akainua macho. Ni ya hudhurungi, wekundu umeyazunguka, la kushoto dogo kuliko la kulia. Yalinitazama mara moja, kisha yakakimbilia nyuma yangu kutafuta watoto.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuona."

"Kuniona?"

"Ndiyo. Kukuona tu."

Watu nyuma yangu wakaanza kuguna, mmoja akasema wanacheleweshwa. Mume wangu alisimama na kadi mkononi, ananitazama, na sasa haikuwa kazi tena. Upepo wa boda ulikuwa umekirudisha nyuma kitambaa changu cha kichwa. Akanyoosha mkono, mbele za watu, akanigusa nywele juu ya sikio.

"Mama watoto," akasema, "hizi mvi zimeanza lini?"

"Mwaka juzi," nikamwambia.